Majengo: karo zinang'aa juu, shimo linafurika chini

Katika kata ya Majengo, komini ya Karisimbi, mjini Goma, heshima ya nyumba imehamia bafuni. Zamani mgeni aliangalia kwanza mabati, halafu akaangalia kama kuta ni za mbao au za mawe. Siku hizi anaonyeshwa mahali pa kunawa mikono, na akirudi sebuleni mwenye nyumba anamtazama usoni ajue kama ameziona karo.

Na karo kweli zipo. Zinapanda kutoka sakafuni mpaka darini, nyeupe zenye mistari ya kijivu kama marumaru, au nyeusi zinazong'aa chini ya taa. Choo cha kuchutama kimeondolewa, kimewekwa cha kukalia chenye tangi lake la kusukuma maji. Kuna sinki na kioo. Kuna plafon ya plastiki. Juu ya kichwa imefungwa dushi ya umeme ya kupasha maji moto, maana asubuhi za Goma zina baridi. Mtindo unatoka kwenye simu: mwenye nyumba anamwonyesha fundi picha aliyotumiwa WhatsApp, fundi anapima kuta, mzigo unachukuliwa Birere, na baada ya wiki chache kazi imekwisha.

Halafu mtu anafungua robine, na robine inakohoa hewa.

Kwenye kona ya dushi mpya zimepangwa bidoni za njano. Tangi la choo halijajaa maji tangu fundi alipoondoka. Anayemaliza haja anamwaga kwa ndoo. Na chini ya karo zote hizo shimo ni lile lile la zamani, lililochimbwa wakati nyumba ilikuwa ya mbao na watu walikuwa wanne.

Jambo hili linapaswa kusemwa wazi, hata kama litawauma wenye parseli nzuri: bafu ni shimo na maji kwanza. Karo ni nguo. Majengo inamnunulia nguo za harusi mgonjwa ambaye bado hajafikishwa hospitali.

Mji uliokaa juu ya jiwe

Mkaaji wa Kindu akitaka choo anachukua jembe. Mkaaji wa Goma anachukua baramini na nyundo. Mji huu umejengwa juu ya mawe ya volkano. Nyiragongo ililipuka tarehe 10 Januari 1977. Ikalipuka tena tarehe 17 Januari 2002 na kupitisha moto wake katikati ya mji mpaka ziwani. Ikarudia tarehe 22 Mei 2021, na safari hiyo uji wa moto ulisimama Buhene, kwenye mlango wa Majengo. Siku tano baadaye gavana wa kijeshi aliamuru kata 10 za mji zihame, Majengo ikiwa mojawapo, na watu wakaondoka na magodoro kichwani.

Kila aliyewahi kulipia shimo katika kata hii anajua maana ya jiwe hilo. Kijana anapiga nyundo siku nzima, jioni unapimwa urefu wa kiganja. Franga zinakwisha kabla ya shimo. Ndiyo sababu mashimo mengi yanasimama mafupi, na ndiyo sababu kishawishi ni kikubwa: pesa iliyobaki inaonekana vizuri ukutani kuliko ndani ya jiwe. Hakuna mgeni atakayeomba aonyeshwe fosi septiki.

Lakini jiwe la volkano lina tabia ya pili. Kwa baramini ni gumu. Kwa maji ni kama kapu. Lina nyufa na matundu. Udongo mzuri husafisha maji machafu polepole yanapopita ndani yake, ila ufa wa jiwe hausafishi kitu, unayapitisha tu. Shimo lisilojengwa kuta za simenti haliweki uchafu, linaupeleka mbele. Na Goma haina mtandao wa mabomba ya maji machafu. Kila parseli inajitegemea, yaani kila parseli inavuja kwa namna yake.

Uchafu huo unakwenda wapi? Mji wote unateremka kutoka mlimani kwenda ziwa Kivu. Ziwani ndiko pampu zinakovuta maji ya mji. Ziwani ndiko akina mama na wasukuma chukudu wanakoshuka na bidoni siku robine zikikauka. Watu wa juu wakiacha kitu kivuje, wasidhani kimepotea. Kimeteremka tu, na bidoni inaweza kukirudisha.

Kuna na mitetemeko. Baada ya mlipuko wa mwaka 2021 ardhi ilitikisika kwa siku nyingi, kuta za nyumba zikapasuka. Watu waliziba nyufa za ukuta kwa sababu waliziona kila asubuhi. Ufa wa fosi septiki, ulio chini ya ardhi, nani aliufungulia mfuniko akaukagua? Wengi walipata pesa ya ukarabati baadaye, wakaanza na karo.

Mji huu hauna ruhusa ya kusahau

Julai 1994, wakimbizi wa Rwanda karibu milioni moja walivuka mpaka kwa siku chache wakafika Goma na pembezoni mwake. Jiwe hili hili lilikataa kuchimbwa vyoo, likakataa hata kuchimbwa makaburi. Watu walichota maji ziwani na kunywa hivyo hivyo. Katika mwezi wa kwanza karibu watu 50,000 walikufa, wengi wao kwa kipindupindu na kuhara damu. Miili ilipangwa kando ya barabara. Wazee wa Majengo waliokuwa vijana mwaka ule hawahitaji kusimuliwa.

Kolera haikuondoka na wakimbizi. Kivu Kaskazini huhesabu wagonjwa wake mwaka baada ya mwaka, na kila mara mabomba yanapokatika hesabu hiyo inatishia kupanda. Mwaka 2021 uji wa moto uliharibu tangi kubwa la maji na mabomba, na watu wapatao nusu milioni wakabaki bila maji safi. Mwishoni mwa Januari 2025, vita vilipoingia mjini, umeme ulikatika, pampu zikasimama, na watu wakateremka tena ziwani na bidoni zao, wengine wakipita kati ya risasi. Wenye bafu la karo na wenye choo cha mabati walikutana kwenye ufuko mmoja.

Siku zile zilipaswa kufundisha kitu. Bafu lililokosa maji siku ya kwanza ya shida lilikuwa chumba cha maonyesho tu.

Hesabu ya bidoni

Msomaji achukue kalamu. Choo cha kukalia cha siku hizi kinakula lita 6 kila kinaposukumwa. Vile vya zamani vinakula lita 9 au zaidi. Nyumba ya watu wanane, kila mmoja akienda mara nne kwa siku, ni mara 32. Mara 32 kwa lita 6 ni lita 192. Bidoni ni ya lita 20. Hiyo ni karibu bidoni kumi kwa siku, za choo peke yake, kabla mtu hajanawa uso, hajapika, hajafua nepi ya mtoto.

Choo cha kuchutama kinachomwagiwa kwa kopo kinatosheka na lita 2 au 3. Watu wale wale wanane, mara zile zile 32, wanamaliza kwa bidoni tatu mpaka tano.

Tofauti hiyo nani anaibeba? Bidoni moja iliyojaa ina uzito wa kilo 20. Anayeagiza karo siye anayepanda nayo kutoka kwenye robine ya avenyu. Anayepanda nayo ni binti wa nyumba kabla ya masomo, ni mama mwenye mtoto mgongoni, au ni kijana wa chukudu ambaye lazima alipwe. Kila mara mgeni anapobonyeza kile kitufe cha kung'aa, ameibonyeza shingo ya mtu.

Lakini ubaya wa hesabu hii haukomei shingoni. Lita 192 zilizoingia chooni lazima zitoke mahali. Shimo la zamani lilizoea maji ya kopo. Sasa linapokea maji ya choo cha kukalia, juu yake maji ya dushi, juu yake maji ya sinki. Siku za jua litavumilia. Mvua ya Machi au ya Novemba ikinyesha, litatapika. Ndiyo maana baadhi ya parseli zilianza kunuka baada ya kukarabatiwa, si kabla. Bafu jipya halikuponya shimo, limelizamisha.

Tena kuna wasiotaka kulipa gari la kuvuta uchafu, au gari limeshindwa kuingia kwenye avenyu nyembamba yenye mawe. Hao husubiri mvua kubwa ya usiku, wakafungua shimo lao, likamwagika barabarani. Asubuhi watoto wanaruka madimbwi wakienda shuleni. Hakuna avenyu isiyomjua mtu wa namna hiyo, na hakuna anayemtaja, kwa sababu huenda ndiye mwenye nyumba ya watu nusu ya avenyu.

Parseli moja, milango miwili

Hapo ndipo jambo linapoacha kuwa la mapambo na kuwa la haki.

Parseli ya kawaida ya Majengo ina nyumba ya mbele na vyumba vya nyuma. Mbele anakaa papa mwenye parseli, au mpangaji mwenye mshahara mzuri wa shirika. Nyuma, katika vyumba vya mbao, zinakaa familia tatu, nne, tano. Ukarabati ukija, unapita mbele. Bafu la ndani linapata karo, nyumba inapandishwa bei, garanti inaongezwa. Nyuma kinabaki choo kimoja cha mabati yenye kutu, mlango wake umefungwa kwa kitambaa, mfuniko umepotea, nzi wanaingia na kutoka. Pembeni yake pana dushi ya shiti isiyo na paa, ambamo mama mpangaji anaoga akiinama ili asionekane na dirisha la jirani.

Viwango vya Sphere, ambavyo mashirika ya misaada yanavifuata kambini, vinataka choo kimoja kisizidi watu 20. Kiwango hicho ni cha watu waliokimbia vita na kulala chini ya mahema. Mwenye parseli anayepokea kodi ya nyumba kila mwisho wa mwezi ahesabu watu wanaotumia choo chake cha nyuma. Akikuta wamepita 20, ajue kwamba anauza, kwa franga au dola, maisha yaliyo chini ya yale ya kambi.

Sheria si kimya. Dekreti ya tarehe 30 Julai 1888 juu ya mikataba, ambayo bado inatajwa mahakamani katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, inamdai mwenye nyumba amkabidhi mpangaji nyumba iliyo katika hali nzuri na afanye matengenezo makubwa. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 48, inataja haki ya kupata makao yanayofaa, haki ya maji safi na haki ya umeme. Shimo lililojaa si tengenezo dogo la mpangaji kama balbu iliyoungua. Ni la mwenye nyumba. Lakini mpangaji akisema, anajibiwa kwamba wanaotaka chumba ni wengi, kama hafurahi ahame. Na katika mji ambao vita vimeuleta watu kutoka Rutshuru, Masisi na Nyiragongo, jibu hilo linamfunga mtu mdomo.

Basi wapangaji wa nyuma wanachangishana wenyewe. Wananunua chokaa, wanafunika shimo kwa ubao, wanapangiana zamu ya kufagia. Mwezi unaofuata mwenye parseli anapita kukusanya kodi, anaona choo kimefagiliwa, anasema: mnaona, kinatumika vizuri. Anarudi ndani kwenye karo zake.

Wanaojitetea

Wapo watakaosema pesa ni yao, na mtu akipata chake ana haki ya kujipendezesha. Kweli ana haki. Hakuna anayewataka watu wa Majengo waendelee kuoga nyuma ya shiti ili wasiitwe wenye majivuno. Watu waliohamishwa na moto, wakahamishwa na bunduki, wakarudi wakaanza upya, wana haki ya kuwa na chumba kimoja kisafi chenye kufungwa kwa ufunguo. Ila haki ya mtu kujipendezesha inakoma pale ambapo maji yake machafu yanaanza kupita chini ya ukuta wa jirani.

Wapo watakaosema choo cha ndani ni usalama. Hao wasikilizwe vizuri, kwa sababu wana haki kuliko wote. Usiku wa Majengo si wa kutembea. Mwanamke anayetoka saa nane za usiku kwenda mwisho wa parseli anatoka na hofu mbili, ya tumbo lake na ya mtu aliyejificha. Kuleta choo ndani ni jambo jema kabisa. Lakini kilicholetwa ndani kwa ajili ya usalama ni mlango na ukuta. Mwanamke huyo analindwa sawa na choo cha kuchutama cha simenti laini, chenye mlango mzuri, kinachomwagiwa kopo mbili. Halindwi zaidi na karo za mpaka darini. Na wapangaji wa kike wa nyuma, wao usiku wao una usalama gani?

Wapo wengine watakaosema kosa ni la serikali: maji hayaji, sasa mwenye nyumba afanye nini? Ni kweli. REGIDESO ilipaswa kuufikisha mji huu mbali zaidi. Wanaoshika mamlaka ya mji, leo na jana, wanajua kutoza kodi ya parseli kuliko kuuliza uchafu wa parseli unakwenda wapi. Vibali vya ujenzi vinatazama ukuta wa barabarani, havitazami shimo. Lawama hiyo ibaki mahali pake, wala isipunguzwe. Lakini mtu anayejua kwamba maji hayaji, halafu ananunua choo kinachokula bidoni kumi kwa siku, hawezi kusema ni serikali iliyomchagulia.

Na wapo wa mwisho, ambao hawasemi kwa sauti. Wao wanafikiri kwamba mtu akishakuwa na bafu lake ndani, ugonjwa wa nyuma ya parseli si wake. Hao wangefaa kusikia habari ya Hamburg.

Mwaka 1892 Hamburg ilikuwa kati ya miji tajiri ya Ujerumani. Mabomba yaliingia majumbani, vyoo vya maji vilikuwapo. Lakini mji ulivuta maji ya mto Elbe bila kuyachuja, kwa sababu wakubwa wake waliona machujio ni gharama ya bure. Kipindupindu kilipofika kilipanda mabomba hayo hayo kikaingia jikoni na bafuni. Zaidi ya watu 8,000 walikufa kwa majuma machache. Mji wa Altona, uliopakana nao, ukitenganishwa kwa barabara tu, ulinywa mto ule ule lakini uliyachuja maji kwa mchanga. Altona iliponea kwa sehemu kubwa. Uzuri wa bafu haukumwokoa mtu wa Hamburg. Kilichomwokoa jirani yake kilikuwa mchanga ambao hakuna mgeni aliyeuona.

Waanze wapi

Haitoshi kulaumu. Kuna mpango wa kazi ambao fundi mwaminifu wa Goma anaujua, kama mwenye nyumba akikubali kuusikiliza.

Kwanza, shimo. Lifunguliwe, livutwe, likaguliwe. Fosi septiki inayofaa ina vyumba viwili angalau: cha kwanza kikubwa, ambamo uzito unazama, na cha pili ambamo maji yanatulia kabla ya kutoka. Kuta na sakafu zake zipigwe simenti isiyovuja, mfuniko uweze kufunguliwa, na bomba la hewa lipande juu ya paa. Ukubwa wake uhesabiwe kwa watu wote wa parseli, wa mbele na wa nyuma, si kwa wale wenye ufunguo wa bafu. Na kijana asiteremshwe shimoni peke yake bila kamba na bila hewa kupitishwa kwanza. Gesi ya shimo inaua kimya, na Goma, mji unaoijua mazuku, haina haki ya kujifanya haijui.

Pili, maji. Kabla ya karo linunuliwe tangi, na paa liwekewe mifereji. Mvua ya milimita moja juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Paa la mita za mraba 60, mvua ya milimita 20, ni lita 1,200, yaani bidoni 60, na hata nyingine zikimwagika zinabaki nyingi. Maji ya mvua ya hapa si ya kunywa hivi hivi, kwa sababu moshi wa Nyiragongo unaweza kuyatia asidi na floridi. Lakini kwa choo na kufagia yanafaa, na yanampumzisha binti wa bidoni.

Tatu, chaguo la choo. Pasipo na maji ya hakika, cha kuchutama cha kumwagia kopo, chenye shingo ya bomba inayobaki na maji ili harufu isirudi, ni cha akili kuliko cha kukalia. Mzee au mgonjwa asiyeweza kuchutama awekewe cha kukalia, naye amwagiwe kwa ndoo. Hakuna aibu ndani yake.

Nne, choo cha nyuma. Mwenye parseli asiguse karo hata moja ya mbele kabla choo cha wapangaji hakijapata sakafu ya simenti, mfuniko, mlango unaofungwa, na mahali pa kunawa penye sabuni. Kodi anayojengea bafu lake imetoka kwao.

Tano, ndipo karo. Na hata karo zina akili yake: za sakafuni ziwe zenye kukwaruza kidogo, kwa sababu zile laini zinang'oa nyonga za wazee, mteremko uelekee tundu la maji, na za ukutani zikiishia kimo cha mtu zinatosha. Mita zilizobaki mpaka darini zinaweza kuwa mfuniko wa shimo.

Wakuu wa kata na wa avenyu nao wana kazi ndogo isiyohitaji msaada wa nje. Wanapopita kuhesabu watu, wahesabu na vyoo. Wanapoitwa kuamua ugomvi wa ukuta, waulize na shimo. Anayefungua shimo lake usiku wa mvua aitwe mbele ya majirani, hata kama ana nyumba ya ghorofa. Na wanaotawala mji waonyeshe mahali halali pa kumwaga uchafu unaovutwa na magari, mbali na ziwa na mbali na watu, kisha wahakikishe magari yanafika huko.

Akina mama wa vyumba vya nyuma, kwa upande wao, wameshafanya zaidi ya zamu yao. Wanachodaiwa ni kimoja tu: wasiende mmoja mmoja kwa mwenye parseli. Mpangaji mmoja huambiwa ahame. Wapangaji watano waliosimama pamoja mlangoni siku ya kodi, na pesa mkononi, na choo midomoni, si rahisi kuwahamisha.

Mvua za Majengo hazichagui. Zinaosha mabati ya mbele na ya nyuma, zinajaza tangi la aliyejiandaa na shimo la asiyejiandaa, kisha zinateremka zote kwenda ziwa moja. Mwenye bafu jipya akitaka kujua kama amejenga kweli, asimwite mgeni. Asubiri usiku wa mvua kubwa, asubuhi atoke, azunguke nyuma ya nyumba yake, anuse.